Chipu ya Gari: Tununue au Tuache?



Hapa kwetu Watamu gari si pambo la uani. Ni jembe la nyumba. Ziko nyumba zinazokula kwa gari linalobeba samaki kupeleka soko la Malindi, nyingine kwa gari linalowapokea wageni wa mahoteli, na nyingine kwa tuktuk inayokwenda na kurudi baina ya Watamu na Gede. Nyumba yetu ni mojawapo. Sisi ni ndugu watatu wa kike, wawili wetu ni wajane, na sehemu kubwa ya riziki yetu hutoka katika Probox moja ya lita 1.5 inayoendeshwa na mwana wa marehemu kaka yetu. Yeye hutuita mashangazi, nasi humwita mwanetu. Kila Alhamisi baada ya Isha hesabu ya gari huandikwa daftarini, na daftari tunalishika sisi.

Katika mwezi wa Septemba 2023 bei ya petroli ilivuka shilingi 200 kwa lita moja. Mwaka huohuo Sheria ya Fedha ilikuwa imepandisha kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi asilimia 16. Tukawa tunaingoja tarehe 14 ya kila mwezi, siku ambayo Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli hutangaza bei mpya, kama mtu angojaye majibu ya daktari. Ndipo mwanetu alipotujia na ombi lake. Alitaka tutoe fedha za kununua chipu ya gari, ambayo kwa maneno yake ingeongeza nguvu za injini na kupunguza mafuta kwa pamoja. Akiba iliyokuwapo ilikuwa ya matairi mawili ya mbele na karo ya watoto. Hapakuwa na fungu la tatu.

Hatukumkatalia, wala hatukumkubalia. Tulimwomba atupe mwezi mmoja tuulize na tupime. Tunayoyaandika hapa ni yale tuliyoyapata, kwa kuwa tunajua nyumba nyingi katika pwani yetu zimeletewa ombi kama hilo na kijana wao.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba jina moja hubeba vitu viwili tofauti kabisa. Kipo kijisanduku kidogo, ukubwa wa kiberiti, kinachochomekwa katika soketi iliyo chini ya usukani. Soketi hiyo ndiyo ambayo fundi hutumia kuisoma gari inapougua, na nchini Marekani imekuwa lazima kwa magari mapya tangu mwaka 1996. Kijisanduku hicho huuzwa kwa maelfu machache ya shilingi. Kipo pia kitu cha pili, nacho si kifaa bali ni kazi ya fundi. Huja na kipakatalishi, akaisoma programu iliyomo katika kompyuta ya injini, akaibadilisha, akairudisha. Kazi hiyo hugharimu makumi ya maelfu. Jina la chipu limetokana na zamani, hasa miaka ya 1980, ambapo programu ya injini ilihifadhiwa katika chipu iliyoweza kuchomolewa, na mafundi wa magari ya mashindano walikuwa wakiing'oa na kutia nyingine. Leo kwa kawaida hakuna kinachong'olewa, lakini jina limebaki.

Ili kujua kama vitu hivi vina faida, yatupasa kuelewa kazi ya kompyuta hiyo. Injini ya petroli hutaka hewa na mafuta kwa kipimo: uzito wa hewa uwe takriban mara 14.7 ya uzito wa petroli. Kompyuta hupokea habari kutoka kwa sensa mbalimbali, ya joto la maji, ya hewa inayoingia, na ya oksijeni iliyobaki katika moshi, kisha huamua mafuta kiasi gani yamwagwe na plagi ipige cheche wakati gani. Hufanya hivyo mara nyingi katika kila sekunde. Ikiwa mafuta yamezidi, sensa ya oksijeni husema, na kompyuta hupunguza. Ni kama mpishi hodari aonjaye mchuzi kila baada ya chembe ya chumvi. Mpishi wa namna hiyo hahitaji mgeni wa kumwambia aonje.

Kwa hiyo tulianza na kijisanduku. Jirani yetu mmoja alikuwa nacho na alikisifu sana, akatuazima. Mwanetu aliendesha wiki mbili akiwa nacho na wiki mbili bila nacho, akijaza tangi katika kituo kilekile na kuandika kilomita. Tulipozilinganisha hesabu, tuliona kwamba wiki mbili za bila chipu zilipishana zenyewe kwa zenyewe kuliko zilivyopishana na zile za chipu. Wiki ya mvua na mizigo mizito ilikula mafuta zaidi, na wiki ya jua na abiria wachache ilikula kidogo. Chipu haikuonekana popote katika hesabu. Kisha, kwa idhini ya mwenyewe, fundi wetu alikifungua kijisanduku. Ndani mlikuwa na taa tatu ndogo na vipande vya kuziwashia. Hapakuwa na waya wowote unaofika kwenye njia ambayo kompyuta ya gari husikilizia. Kilikuwa kikimeta tu.

Jirani alishangaa, kwani aliapa kuwa mafuta yake yalipungua. Nasi tunamwamini. Karatasi ya maelekezo ilimtaka aendeshe taratibu kwa kilomita 200 za mwanzo ili kifaa kijifunze mwendo wake. Mtu aliyetoa fedha yake na anayetaka kuona faida hukanyaga kwa upole, hatii breki ghafla, na hutazama geji kila mara. Mafuta yalipungua kweli. Kilichoyapunguza ni mguu wake.

Hili halikuanzia kwetu. Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani limepima kwa miaka mingi zaidi ya vifaa 100 vilivyodaiwa kupunguza mafuta, na ni vichache mno vilivyoonyesha faida yoyote, tena ndogo. Vipo pia vilivyo vibaya kuliko kijisanduku kitupu. Ni vijiwaya vinavyofungwa katika sensa ya hewa ili kuidanganya kompyuta kwamba hewa ni baridi. Kompyuta ikidanganywa hivyo humwaga mafuta zaidi, na mnunuzi akawa amelipa ili apate hasara.

Ama kazi ya fundi mwenye kipakatalishi, hiyo si uongo, na haki yataka tuseme hivyo. Katika injini yenye turbo, hasa ya dizeli, fundi anaweza kuongeza msukumo wa hewa pamoja na mafuta, na nguvu zikapanda kwa asilimia 20 au hata 30. Mwenye gari kubwa la kuvuta mashua au kupanda milima ataiona tofauti hiyo. Lakini injini isiyo na turbo, kama ya Probox yetu, huvuta hewa kwa pumzi yake yenyewe, wala programu haiwezi kuipa mapafu mengine. Hupata asilimia chache tu, ambazo abiria aliyebeba ndoo mbili za samaki hatazihisi.

Na hata pale faida ilipo, ina kodi yake. Nguvu ikizidi, klachi, gia na turbo hubeba mzigo ambao mtengenezaji hakuukadiria, tena katika joto la pwani yetu. Kampuni ya bima hutaka kuarifiwa gari likibadilishwa, na asiyearifu huenda akakuta fidia imekataliwa siku ya ajali. Upo pia moshi. Mnamo Septemba 2015 dunia iligundua kwamba Volkswagen ilikuwa imetia katika magari yapatayo milioni 11 ya dizeli programu iliyotambua wakati gari linapopimwa, likatoa moshi safi mbele ya wapimaji na moshi mchafu barabarani. Kisa hicho kinatufundisha kwamba programu ina nguvu ya kweli, na kwamba nguvu hiyo yaweza kununuliwa kwa mapafu ya watu wengine. Watoto wetu waendao madrasa kwa miguu kandokando ya barabara ndio wanaoupumua.

Likabaki swali ambalo kwetu lilikuwa zito kuliko yote: nguvu hizo zitatumika wapi? Tangu Februari 2004, kwa kanuni zilizoletwa na marehemu John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, magari ya abiria nchini yalitakiwa kufungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Barabara ya kutoka Gede kuja Watamu ina bodaboda, baiskeli, mbuzi na watoto. Barabara kuu ya Mombasa, inapopita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, imekwisha kutuonyesha misiba ya kutosha. Hatukuona mahali ambapo mwanetu angetumia mwendo zaidi ila mahali ambapo tusingependa autumie.

Wanazuoni wa fiqhi wametufundisha kuepuka gharar, yaani biashara ambayo mnunuzi hajui hasa anachokinunua. Wamefundisha pia kwamba mwenye kuficha aibu ya bidhaa amefanya ghishi, na kwamba mnunuzi aliyeuziwa chenye aibu ana haki ya kukirudisha. Kutokana na mafunzo hayo tuliandaa maswali matatu ya kumwuliza muuzaji yeyote wa chipu. Inabadilisha kitu gani hasa katika injini? Je, utakubali tupime kabla na baada? Na isipoleta ulichoahidi, utarudisha fedha? Wauzaji wawili tuliowauliza hawakurudi tena kwa mwanetu. Fundi wa tatu, Mungu ambariki, alisema waziwazi kuwa kwa Probox asingetushauri.

Tulipomweleza mwanetu, alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Shangazi, mimi si mharibifu. Pale steji wananicheka. Gari zote zinanipita, na abiria wanaona."

Maneno hayo yalituonyesha kwamba tangu mwanzo kilichokuwa kikimuuma kilikuwa heshima. Kijana wa miaka 23, aliyeachiwa na baba yake kazi ya kuwalisha wanawake watatu na watoto sita, anataka aonekane kuwa ni mtu. Tungesema hapana na kufunga daftari, tungekuwa na haki katika hesabu, lakini tungemwacha na kicheko cha steji peke yake. Kwa hiyo tulimkabidhi daftari la mafuta alishike yeye. Tulikubaliana kwamba kila shilingi itakayookolewa kutoka wastani wa mwezi uliopita, nusu ni yake.

Alibadilika mbele ya macho yetu. Matairi mawili yalinunuliwa kama ilivyopangwa, na upepo ukawa unapimwa kila Ijumaa asubuhi. Kichanja cha juu ya gari, ambacho huzuia hewa na kula mafuta hata kikiwa kitupu, kilishushwa, kikawa kinafungwa siku za mzigo tu. Fundi alikuta sensa ya oksijeni imechoka na plagi zimekwisha. Vyote viwili viligharimu sehemu ndogo ya bei ya kazi ya kipakatalishi. Yeye mwenyewe aligundua kwamba akitoka Gede bila papara hufika Watamu dakika mbili tu nyuma ya waliompita. Mwezi wa pili alipata nusu yake, akamnunulia mama yake kanga.

Hatudai kwamba ameacha kuitamani chipu. Bado huitaja akiona gari lenye turbo, na macho yake humeta. Lakini sasa huitaja kama mtu ajuaye anazungumzia nini, na vijana wenzake huja kumwuliza.

Basi, enyi kina mama wenzetu mnaoshika daftari za nyumba: kijana wenu akija na ombi hili, msimkemee wala msimpe fedha siku hiyohiyo. Pimeni kwa mwezi mmoja. Kama gari halina turbo, iacheni. Kama lina turbo na lina kazi inayohitaji nguvu, mtafuteni fundi atakayejibu maswali matatu, na iarifuni bima. Kwanza kabisa, tazameni matairi, plagi, sensa na mguu wa dereva. Kisha mwulizeni kijana ni nini hasa kinachomuuma.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, atulindie vijana wetu njiani, na awarejeshe nyumbani kila jioni wakiwa salama. Wabillahi tawfiq.