Mizani ya Korosho na Ndege ya Mtwara

Huko kwetu Masasi, na vivyo hivyo Newala juu ya uwanda wa Makonde, hakuna chombo kinachoaminiwa na kutiliwa shaka kwa wakati mmoja kama mizani. Ufikapo msimu wa korosho, kila kaya hupanga magunia yake mbele ya ghala la chama cha msingi, na macho ya wote, wazee kwa vijana, hukazwa penye kipimo. Hata mkulima asiyejua kusoma anaitambua tofauti ya 2 na 3 iandikwapo mwanzoni mwa tarakimu. Karani akikosea tarakimu ya mwisho, mtu amepoteza pesa ya chumvi. Akikosea ya kwanza, mtu amepoteza ada ya mtoto.

Jambo hili lilijitokeza mahali nisipolitazamia, yaani katika kikao cha ukoo wetu pale Lupaso, kijiji alikozaliwa hayati Rais Benjamin Mkapa mwaka 1938 na alikozikwa mwaka 2020. Mama alikuwa ametakiwa kufika Dar es Salaam kwa upasuaji wa nyonga. Siku hizi barabara ni nzuri, na tangu mwaka 2003 Daraja la Mkapa limetuondolea adha ya kusubiri pantoni mtoni Rufiji. Lakini kukaa kitako ndani ya basi kutwa nzima kulikuwa ni mateso ambayo daktari aliyakataza. Kaka akashauri ndege ya Mtwara, ambayo hutumia muda wa saa moja hivi. Mama mdogo akapinga kwa machozi. Alikuwa hajaisahau ndege ya Bukoba iliyotumbukia ziwani tarehe 6 Novemba 2022 na kuua watu 19.

Kwa mila zetu neno la mwisho ni la mjomba. Naye mjomba wetu amekuwa karani wa mizani kwa miaka mingi, na dunia nzima huitazama kupitia kazi hiyo. Alisikiliza pande zote, kisha akauliza, "Hiyo ndege yenyewe, nani anaipima? Na akishaandika, nani anayesoma tena alichoandika?" Hakuna aliyejibu. Nikapewa siku tatu nilete majibu.

Majibu ya swali la kwanza yalinishangaza. Katika ndege ndogo abiria huweza kupandishwa kwenye mizani pamoja na mzigo wake, lakini ndege kubwa, kwa kawaida, haipimwi ikiwa tayari kuondoka. Uzito wake hujumlishwa kwenye karatasi: uzito wa ndege ikiwa tupu, mafuta, mizigo, na abiria kwa makadirio ya wastani. Jumla hiyo marubani huiingiza katika kompyuta pamoja na hali ya joto, upepo, mwinuko wa uwanja, na urefu wa njia ya kurukia. Kompyuta nayo hutoa kasi ambayo rubani anaweza kuinua pua ya ndege, na kasi ya uamuzi, ambayo ikishapitwa hakuna tena kusimama, hata injini moja ikizimika. Ni kuruka tu. Hutoa pia kiasi cha nguvu za injini, maana aghalabu injini haziendeshwi kwa nguvu zote pasipo haja, ili zisichakae upesi.

Basi mtu akiandika uzito pungufu, kila kitu kinachofuata huwa pungufu. Nguvu zitakuwa haba, kasi itakuwa ndogo, na njia ya kurukia itakuwa inakwisha huku ndege ingali nzito ardhini. Tena rubani si rahisi aitambue hali hiyo mwilini, kwa kuwa kila siku ndege yake ina uzito mwingine na mwendo mwingine. Dereva wa lori anayekwea mlima wa Newala husikia injini ikilalamika, akabadili gia. Rubani muda wake huo ni sekunde chache.

Mfano ulio wazi kupita yote ni wa ndege ya Emirates iliyoondoka Melbourne, Australia, kwenda Dubai usiku wa tarehe 20 Machi 2009, ikiwa na watu 275. Uzito uliokusudiwa kuandikwa ulikuwa tani 362.9. Kwenye kompyuta zikaandikwa tani 262.9. Tarakimu moja tu, ile ya kwanza! Tani 100 zikatoweka. Rubani alipoinua pua, ndege haikuondoka. Mkia ukasaga lami, njia ikaisha, magurudumu yakapita kwenye majani. Nahodha alisukuma injini hadi mwisho wa nguvu zake, na ndege ikainuka kwa shida, ikigonga taa na mitambo iliyo mbele ya uwanja. Walizunguka, wakarudi, wakatua. Hakufa mtu. Nilipomsimulia mjomba habari hii kwa simu, alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba kosa hilo analifahamu vizuri sana.

Si uzito peke yake unaoponza. Tarehe 20 Novemba 1974 ndege ya Lufthansa aina ya Boeing 747 iliondoka uwanja wa Embakasi, Nairobi, ikielekea Johannesburg. Nairobi iko juu sana, zaidi ya mita 1,600, hewa yake ni nyepesi, na ndege huhitaji mbawa zake zote ili ijiinue. Siku ile vipande vya mbele vya mbawa, vinavyosukumwa kwa hewa ya injini, havikufunguka kwa sababu vali za hewa hiyo hazikufunguliwa. Ndege ikanyanyuka kidogo, ikatetemeka, ikaanguka mbele ya uwanja. Kati ya watu 157 walikufa 59. Baada ya hapo mitambo ya kuwaonya marubani iliboreshwa, nami nakiri inaniuma kwamba mara nyingi maboresho ya aina hii huja nyuma ya jeneza.

Na ipo njia yenyewe. Huko Goma, mwezi Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ilimwaga lava hadi juu ya njia ya kurukia, ikaifupisha. Miaka sita baadaye, tarehe 15 Aprili 2008, ndege ya Hewa Bora ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa njia ile na kuingia mtaa wa Birere wenye soko. Walikufa watu wapatao 40, wengi wao wakiwa hawamo ndegeni. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba njia ya uwanja wa Mtwara imerefushwa hadi mita 2,800, tusidhani hayo ni mapambo ya wakubwa. Hata anayekaa jirani ya uwanja amenunuliwa usalama.

Swali la pili la mjomba lilikuwa na jibu zuri zaidi. Sheria ya kazi yao ni kwamba marubani wawili hawatakiwi kutegemea hesabu moja: mmoja hukokotoa, mwingine naye hukokotoa au kuhakiki, kisha hulinganisha na karatasi ya mizigo. Kule Melbourne ukaguzi huo ulikuwepo, lakini kosa likapenya. Sikumficha mjomba hilo. Alisema hata ghalani kwao anayehakiki huku akiongea na watu huwa hahakiki.

Akaruhusu safari, kwa sharti moja. Begi la mama, lenye korosho za kuwapelekea wajukuu, lipimwe kwanza kwenye mizani ya ghala. Likapimwa: kilo 21. Mtwara mizani ya uwanjani ikasema kilo 21 na nusu. Nilipompigia kumjulisha kwamba mama amefika salama na amelazwa, alishukuru Mungu, halafu akauliza ile nusu kilo imetoka wapi.