Injini Zilizoshindwa na Mlima

Msafiri atokaye Ifakara kwa gari la moshi kwenda Mlimba hupita katika bonde la Kilombero, nchi tambarare ya mpunga. Baada ya Mlimba reli hupanda milima hata Makambako. Njiani yamo mahandaki 18 yaliyotobolewa milimani, na daraja la mto Mpanga, ambalo nguzo zake zina urefu wa mita 50.

Reli hii iunganishayo Tanzania na Zambia ilijengwa na Wachina pamoja na wenyeji tangu 1970 hata 1975. Injini zake kubwa za kwanza, ziitwazo DFH2, zilitoka Uchina. Zilikuwa na nguvu za farasi 2,000. Nguvu ya dizeli ilifika magurudumuni kwa msukumo wa mafuta, wala si kwa umeme. Tambarare ziliuweza mzigo. Mlimani zililemewa, zikaharibika mara nyingi.

Ndipo mwaka 1983 zikaletwa injini nyingine, zilizoundwa na Krupp wa Ujerumani, zenye nguvu za farasi zipatazo 3,000. Katika hizo dizeli huzalisha umeme, na umeme huo ndio uzungushao magurudumu. Kazi ya mlima ikawa yao, na zile za kwanza zikafifia.

Jambo hili latugusa sisi watu wa bondeni, kwa maana injini ikikwama mlimani, mchele wetu hulala stesheni. Basi anunuaye injini na aupime kwanza mlima.