Kikombe Kimevunjika

Mtoto aliyeangusha kikombe jikoni hamwambii mama yake, "Nimevunja kikombe." Humwambia, "Mama, kikombe kimevunjika." Bado hajaanza shule, wala hajui kauli ya kutendeka ni kitu gani, lakini tayari anajua kujificha ndani yake. Kwa miaka mingi niliutumia mfano huu kufundishia mnyambuliko wa vitenzi: vunja, vunjwa, vunjika. Katika kutenda, mtenda yuko mbele tumwone. Katika kutendwa, aweza kufuata nyuma, ikiwa msemaji atapenda kumtaja. Katika kutendeka hana nafasi kabisa. Jambo limekuwa tu, kama mvua inyeshavyo. Wanafunzi walicheka, nami nikacheka pamoja nao.

Humkumbuka mtoto yule kila nisikiapo wanasiasa wa upinzani wakizungumzia vita ambavyo umma umekwisha kuvichoka. Kiongozi aliyeamrisha vita hana pa kujificha, kwa kuwa amri ina jina lake. Mpinzani ana mlango wa nyuma. Husema vita ni vya mwenzake, na mara nyingi husema kweli. Lakini yako majira ambapo mkono wake nao ulikuwamo, na hapo ndipo sarufi huanza kufanya kazi nzito.

Chukua vita vya Iraki. Mwaka 2002, Rais George W. Bush wa chama cha Republican aliliomba Bunge la Marekani idhini ya kutumia nguvu za kijeshi. Oktoba, Seneti ilimpa kwa kura 77 dhidi ya 23. Katika hizo 77, kura 29 zilitoka kwa maseneta wa Democratic, chama kilichompinga Rais katika mambo mengi mengine. Wenzao 21 wa chama hicho hicho walikataa. Maseneta walikuwa wameandaliwa taarifa ya siri ya kijasusi yenye kurasa zipatazo 90, na ndani yake zilikuwamo shaka za baadhi ya wataalamu. Ilikuja kuelezwa baadaye kwamba ni wachache tu walioisoma yote. Bob Graham, mwenyekiti wa kamati ya ujasusi ya Seneti, aliisoma, naye akapiga kura ya hapana. Vita vilianza Machi 2003. Silaha za maangamizi zilizotajwa kuwa sababu hazikuonekana. Waliokufa walionekana: zaidi ya raia laki moja wa Iraki, na wanajeshi wa Marekani wapatao 4,500.

Vita vilipochukiwa, wengi wa wale 29 walitafuta maneno. Hillary Clinton, alipokuwa akiwania urais mwaka 2007, aliombwa na mpiga kura aseme waziwazi kwamba kura yake ilikuwa kosa. Jibu lake, kwa Kiswahili chetu, lilikuwa la -ngali-: ningalijua wakati ule ninayoyajua leo, nisingalipiga kura ile. Sisi wa lugha twaifahamu hali hiyo ya masharti. Sharti lake limekwisha kupita na haliwezi kutimia tena, basi na toba iliyofungwa kwake hubaki ikining'inia. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba ningalijua huja baadaye. Hatimaye, katika kitabu chake cha mwaka 2014, aliandika bila sharti kwamba alikosea. Ilikuwa imepita miaka kumi na miwili tangu kura.

John Edwards, aliyepiga kura kama yake, aliandika gazetini Novemba 2005, na neno lake la kwanza lilikuwa kukiri kwamba alikosea. Hakuacha kulalamikia taarifa mbovu, lakini aliitanguliza nafsi yake, malalamiko yakafuata. Mtu aweza kusema alikuwa akitafuta kura, na huenda ni kweli. Hata hivyo, mpangilio ule una maana. Wapenzi wa ushairi, hesabuni mizani: "Nilikosea" ina mitano. "Tulidanganywa" nayo ina mitano. Mizani ni sawa, uzito si sawa. La kwanza lina mtu mmoja ndani yake, na mtu huyo ndiye asemaye. La pili lina umati, na umati wote ni wahanga.

Je, yote haya si ukali wa mwalimu wa sarufi tu? Sidhani, na sababu yangu ni Robert Byrd. Mwaka 1964 seneta huyo aliunga mkono azimio la Ghuba ya Tonkin, lililomfungulia Rais Johnson njia ya kuipanua vita ya Vietnam. Seneti ilipitisha azimio lile kwa kura 88 dhidi ya 2. Byrd alikuja kuijutia kura yake hadharani. Mwaka 2002, akiwa mzee wa miaka themanini na minne, aliikumbusha Seneti azimio lile, akawasihi wenzake wasikubali haraka, na akapiga kura ya hapana. Aliyesema "nilikosea" alikuwa na jambo la kukumbuka. Asemaye "tulidanganywa" hana la kujifunza, ila kungoja mdanganyifu mwingine.

Naandika haya nikiwa na deni langu. Zamani, katika shule moja, kikao cha walimu kiliamua kumfukuza kijana wa kidato cha nne aliyetuhumiwa kuongoza mgomo. Sikumpenda mkuu wa shule, na nilizoea kumpinga vikaoni. Siku ile nilinyoosha mkono pamoja na wengine. Taarifa ya uchunguzi ilikuwa na kurasa nne. Ilikuwa mezani mbele yangu, sikuifungua. Baadaye ilidhihirika kwamba usiku wa mgomo kijana yule alikuwa amelazwa zahanati. Ukurasa wa tatu ulilitaja jambo hilo.

Mama yake alikuja shuleni. Nilimwambia, "Mama, tulipewa taarifa isiyo sahihi." Akaniuliza, "Na wewe, mwalimu, uliisoma?" Nikamjibu kwamba uamuzi ulikuwa wa kikao. Kauli nzuri, yenye upatanisho sahihi wa kisarufi. Aliitikia kwa kichwa, akaondoka. Mwanawe hakufanya mtihani mwaka ule.

Mwaka jana niliipata anwani ya kijana yule, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Barua yangu ilikuwa fupi. Nilichana mara tatu, kwa sababu kila mara "tu-" ilijipenyeza mahali pa "ni-". Ya nne nilianza hivi: "Nilinyoosha mkono, na sikuwa nimesoma. Nilikosea." Hajajibu, wala hawiwi jibu.