Vifuko vya Mkunguni

Huenda mmepata kuviona vifuko vilivyoning'inia matawini, vyenye rangi ya vijiti vikavu, mkavidhania ni takataka zilizoletwa na upepo. Ndani yake mna kiwavi aliye hai. Ukoo huu wa nondo una aina zaidi ya elfu moja duniani, na viwavi wake huishi namna hiyo.

Tuliwachunguza katika mkungu wa uani kwetu, ambao majani yake yalikuwa yameanza kutoboka. Kiwavi huyu hutoa hariri kinywani, akaifuma, kisha akaibandika vipande vya kile alichokikuta. Aliye mkunguni hujivika majani na vikonyo vya mkungu. Aliye kwenye mvinje ulio nyuma ya ua hujivika vijiti vyembamba vya mvinje. Huenda na mfuko wake kokote, kichwa na miguu ya mbele tu ikiwa nje, na akikua huuongeza. Tulipomgusa kwa kijiti, alijivuta ndani mara moja na kuufumba mdomo wa mfuko. Tukangoja. Baada ya kitambo kirefu, kichwa kikachungulia.

Hapo ndipo lilipozuka shauri nyumbani. Mama watoto alitaka ikanunuliwe dawa ya kupuliza. Sisi hatukuridhia, kwani chini ya mkungu huo wajukuu huokota kungu wakazila, na kamba ya kuanikia nguo imepita papo hapo. Tena kiwavi aliyekwisha kukua, akijifungia, sumu humfikia kwa shida. Wachanga ndio huipata zaidi.

Jike la aina nyingi halina mbawa. Hubaki mfukoni mwake na kutaga humo mamia ya mayai. Wadogo wakianguliwa huning'inia kwa uzi wa hariri, upepo ukawachukua hata mti wa jirani. (Majirani wanaonuniana juu ya nani aliyeleta wadudu, na wamwulize upepo.)

Basi tulikubaliana kuvikata vifuko kwa mkasi, kwa kuwa hariri iliyofungwa tawini ni ngumu na ikiachwa huweza kulikaba tawi likikua. Havitupwi chini ya mti, maana mayai huangulika hapo hapo. Hutiwa katika ndoo ya maji ya sabuni. Wajukuu walijaza ndoo moja baina ya Alasiri na Magharibi. Matawi ya juu yangali na vyao, nasi twangojea ngazi ya kuazima.