Noeli na Sauti za Chini ya Kifusi



Moja ya mambo ya kwanza tunayofundishwa katika darasa la falsafa ni kwamba falsafa ilizaliwa na mshangao. Katika karne ya nne kabla ya Kristu, Aristotle aliandika kuwa watu walianza kutafuta hekima kwa sababu walishangaa. Lakini kila frateri anajua jambo jingine: fumbo unaloishi nalo kila siku huzoeleka. Majilio yakifika tuna mazoezi ya nyimbo, zamu za kutumikia altareni, pango la kujenga na taa za kuunganisha. Noeli inakuja kama ratiba, na ratiba haishangazi mtu.

Nje ya seminari nako ni hivyo hivyo. Ukivuka Mnazi Mmoja mwezi Desemba kuingia Kariakoo, hakuna pa kukanyaga. Mtaa wa Kongo nguo za watoto zimetandazwa chini, wauzaji wanapiga makofi wakitaja bei, mikokoteni inapita na wenye kuisukuma wanapaza sauti watu wapishe. Kuna hata mtaa unaoitwa Sikukuu. Wazazi wanahesabu noti mara mbili kabla ya kuulizia viatu. Hayo si mabaya, maana mzazi anayemnunulia mtoto nguo ya Noeli anampenda. Ila mtu anaweza kurudi nyumbani na mifuko imejaa, moyo ukiwa vilevile.

Noeli ya mwaka 2024 iliikuta Kariakoo na jeraha. Novemba 16, jengo la ghorofa lenye maduka liliporomoka likiwa na watu ndani. Wananchi walichimba pamoja na askari wa zimamoto, wengine kwa nyundo na mikono mitupu. Baadhi ya walionaswa chini waliweza kuzungumza na waokoaji. Watu zaidi ya 80 walitolewa wakiwa hai. Wengine zaidi ya 20 walifariki. Siku mbili baadaye watu walikusanyika katika viwanja vya Mnazi Mmoja kuwaaga marehemu.

Mwezi mmoja baada ya hapo tulipita kando ya viwanja hivyo kwenda kununua vitu vya pango: taa, karatasi ngumu ya kutengenezea mwamba, na kondoo wa plastiki. Muuzaji alikuwa mzee Mwislamu aliyevaa kibaragashia. Alitufungia vitu vyetu huku akisimulia siku ile. Tulimuuliza wale vijana walipata wapi ujasiri wa kuingia chini ya zege ambalo lingeweza kuwaangukia. Alitutazama kana kwamba hakuelewa swali.

"Wanangu, mtu anaita kule chini. Utabaki juu unafanya nini?"

Tulitembea bila kusema neno mpaka kituo cha mwendokasi. Mzee yule hakukusudia kutuhubiria, lakini alikuwa ametufungulia fumbo la Umwilisho. Katika Kanuni ya Imani tunakiri kwamba Mwana wa Mungu alishuka kwa ajili yetu, na siku ya Noeli tunapiga magoti tunapofika kwenye maneno ya kufanyika kwake mwanadamu. Mungu alisikia watu wakiita chini, naye hakubaki juu. Hakuishia kutupa maelekezo kutoka mbali. Aliingia mwenyewe penye giza na vumbi, mahali ambapo uzito wetu wote ungeweza kumwangukia. Na kweli ulimwangukia.

Hatuandiki haya ili kueleza kwa nini wengine hawakutoka wakiwa hai. Waliofiwa wanahitaji mtu wa kukaa nao, si hoja za wanafunzi wa falsafa. Tunaloamini ni hili: pale ambapo mikono ya watu haikufika, Yeye alikuwa amekwishafika.

Ndiyo maana pango si pambo. Mwaka 1223, huko Greccio, Mtakatifu Fransisko wa Asizi alitaka watu waone kwa macho yao umaskini aliozaliwa nao Bwana, akaandaa hori, nyasi, ng'ombe na punda. Desemba 1, 2019, Papa Fransisko alikwenda hapo hapo kutia sahihi barua yake kuhusu pango, Admirabile Signum, jina lenye maana ya ishara ya kustaajabisha.

Basi tunawaalika katika siku hizi za Noeli mkae mbele ya pango dakika chache, simu ikiwa mbali, na mjiulize: karibu nami, ni nani anaita kule chini? Labda ni jirani mgonjwa, ndugu mliyeacha kusemeshana, au mama ambaye sikukuu hii kiti kimoja mezani kwake ni kitupu. Tukishuka kwenda kwao, hatutahitaji kuutafuta mshangao. Tutamkuta huko Mtoto aliyetutangulia.

Noeli njema.