Samaki, Udongo na Kikohozi: Tamathali za Mapenzi ya Ujana na Ukali wa Wazazi

Katika riwaya ya Kiswahili, mzazi mkali na kijana apendaye hawapingani kwa hoja pekee. Hupingana pia kwa tamathali. Mzazi huchota zake katika hazina ya methali: samaki mkunje angali mbichi; udongo uwahi ungali maji. Zote mbili humchukulia mtoto kuwa kitu kisichokamilika, kinachongoja mkono wa mtengenezaji kabla hakijakauka.

Tamathali za mapenzi ni za namna nyingine. Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Mpenzi huungua, huzama, hushikwa na maradhi yasiyo na tabibu. Hapa hakuna mkono unaofinyanga, lakini hakuna hiari pia: akohoaye hakuchagua kukohoa.

Uzito wa jambo hili huonekana katika *Rosa Mistika* (1971) ya Euphrase Kezilahabi na *Utengano* (1980) ya Said Ahmed Mohamed. Zakaria humpiga Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Bwana Maksuudi humfungia Maimuna ndani. Mkono wenyewe unaofinyanga si safi: Zakaria ni mlevi, na Maksuudi ni mkali nyumbani, mzinzi nje. Rosa afikapo shuleni, mbali na baba yake, na Maimuna atorokapo, kila mmoja huangukia mikononi mwa wanaume.

Ni rahisi kuyasoma maanguko hayo kuwa ushahidi wa methali nyingine: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Usomaji huo hautoshi. Kwanza, methali humtaja mama, ilhali katika riwaya hizi mwenye amri ni baba. Regina na Tamima ni wanyonge chini ya waume hao hao. Pili, wasichana hawa walifunzwa, tena sana. Walifunzwa kuogopa, hawakufunzwa kuchagua.

Sarufi ya tamathali zenyewe yalithibitisha hayo. Kijana hukunjwa, huwahiwa, hushikwa, hufunzwa: vitenzi vyote ni vya kutendwa. Mzazi na mapenzi hugombea nafasi ya mtenda, na kijana hubaki mtendwa wa pande zote mbili. Kwa hiyo mlango ufungukapo, Rosa na Maimuna hutoka wakiwa na lugha ya kutii na lugha ya kuugua, bila lugha ya kuamua. Mwalimu afundishaye tamathali hizi darasani asiishie kuzitaja majina. Awaulize wanafunzi wake ni nani atendaye.