Lenzi ya bumu

Najua nimepotea. Testi zilinibana, halafu nikasafiri kwenda Muheza, halafu salio likaisha, si mnajua tena maisha ya Mlimani mwisho wa muhula. Leo nimekaa hapa kwenye kimbweta, kunguru wananipigia kelele juu ya mti, nikaona niwape stori ya lenzi, maana watu kama watano wameniuliza hiyo kitu mpya mbele ya kamera yangu ni nini na nimeitoa wapi hela.

Wanaonifahamu wanajua kamera yangu ni Canon 600D. Ni mzee huyo, alitoka mwaka 2011, mimi niko shule ya msingi. Niliinunua kwa kaka mmoja aliyekuwa anamaliza mwaka wa tatu na anahama na virago vyake. Ilikuja na ile lenzi ndogo ya kuanzia, 18-55. Lenzi hiyo siitukani, imenilisha. Picha za bethidei, picha za watu mbele ya Nkrumah wamevaa joho la kuazima, zote hizo. Lakini ina ugonjwa mmoja: haifiki mbali.

Nieleze kidogo kwa wasiojua. Hizo namba, 18 au 55 au 200, ni milimita, na zinakuambia lenzi inaona kwa upana gani. Ndogo inameza ukumbi mzima, kubwa inamvuta mtu mmoja aliyeko kule mbele. Sasa kwa Canon hizi za kawaida, kwa vile sensa yake ni ndogo kuliko fremu ya filamu ya zamani, unazidisha kwa 1.6. Kwa hiyo 55 inaonekana kama 88, na 200 inakuwa kama 320. Ukiwa na 55 umekaa nyuma ya kamba na mgeni rasmi yuko jukwaani, unapiga picha ya migongo ya wazazi.

Na hilo ndilo lililonipata miaka miwili iliyopita kwenye mahafali ya mdogo wangu ya kidato cha nne. Nilikwenda na kamera shingoni, najiona mtu. Walimu wakaweka kamba, hakuna kupita. Jina lake likaitwa, akapanda, akapokea cheti, akacheka (na huyu binti hachekagi ovyo mbele za watu). Nikapiga. Nyumbani kufungua, mdogo wangu ni kama punje ya mchele. Nikaikata picha ili abaki yeye tu. Hesabu yake ni hivi: kamera ina pikseli milioni 18, lakini ukikata picha ya 55 ili ionekane kama ya 200, unabaki na pikseli milioni moja na kidogo. Ikatoka vigae-vigae. Mama aliisafisha hivyohivyo, akaitundika sebuleni karibu na kalenda. Kila nikienda nyumbani naiona. Mgeni akija mama anasema, "Huyo hapo ni mdogo wake, aliipiga mwenyewe," na mgeni anasogea karibu kabisa, anakunja macho.

Basi mwaka huu binti anamaliza kidato cha sita, huko upande wa Korogwe. Nikaapa, safari hii punje ya mchele hapana.

Kabla ya kwenda dukani nilifanya kitu ambacho nawashauri mkifanye, hakina gharama. Kila picha ya dijitali inabeba maelezo ndani yake, pamoja na milimita uliyotumia. Nikazipitia picha zangu za mwaka mzima, 2,140. Nilizozipiga kwenye 55, yaani mwisho wa lenzi kabisa, zilikuwa 838. Karibu nne kwa kila kumi! Maana yake nilikuwa nagonga ukuta kila siku, mkono unazungusha na lenzi imegoma. Na nyingine 611 zilikuwa kwenye 18. Kwa hiyo siwezi kuacha upana pia, wale wa picha za kikundi ndio wanaolipa.

Rafiki mmoja wa Uhandisi akaniazima 55-250 yake kwa siku moja. Lenzi nzuri, nyepesi. Nikaenda nayo kwenye mechi ya madarasa. Vumbi la pale uwanjani mnalijua. Kila nikitaka picha pana nabadilisha lenzi, kofia moja mdomoni, nyingine mfukoni, kamera imeachama inameza vumbi. Goli la pekee la mechi lilifungwa mimi nikiwa nimeshika lenzi mbili na kamera haina hata moja. Pale ndipo nilipoamua kutafuta lenzi moja itakayofanya yote.

Rumeti wangu, Mpemba mmoja mtulivu sana anayesoma Takwimu, akaniambia, "Ndugu yangu, kitu kinachofanya yote hakifanyi kimoja sawasawa." Ana haki. Lenzi ya 18-55 inakuza mara tatu tu. Ya 18-200 mara kumi na moja. Kuna Tamron ya 18-400, ilitoka 2017, mara ishirini na mbili! Kadiri unavyoilazimisha lenzi kufanya kazi nyingi ndivyo vioo vyake vinavyopatana kwa shida. Mistari inapinda kwenye 18, kona zinalegea, na ukivuta mwisho tundu linabana, mwanga unapungua. Hizi lenzi zinaandikwa f/3.5-6.3. Maana yake ukiwa kwenye upana tundu ni 3.5, ukivuta mpaka mwisho ni 6.3, na hapo sensa inapata mwanga chini ya theluthi ya ule wa mwanzo. Mchana juani hamna neno. Ukumbini ndipo kilio. Na kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi: ukimpiga mtu aliye karibu, nyingi ya lenzi hizi 200 yake si 200 kamili, inapungua kimyakimya.

Nikabaki na tatu. Canon 18-200 ya mwaka 2008, ina kidhibiti mtikisiko, ila nzito, karibu gramu 600. Canon 18-135 STM ya 2012, fokasi yake ni ya kimyakimya na picha ni safi zaidi. Na Tamron 18-200 VC ya 2015, gramu 400 tu, ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 249 ikiwa mpya, nayo ina kidhibiti mtikisiko. (Angalia herufi hizo VC. Kuna Tamron 18-200 ya zamani isiyokuwa nazo, zinachanganywa sana, na muuzaji hatakukumbusha.) Zote tatu nilizitafuta mtumba. Bahati yetu sisi maskini ni kwamba tangu mwaka 2018 Canon na Nikon walipotoa mifumo yao mipya ya kamera zisizo na kioo cha ndani, EOS R na Z, wenye hela wanahama, na sisi tunaokota.

Mpemba alitaka 18-135. Akaniwekea hesabu kwenye karatasi: ukikata picha ya 135 ili iwe kama ya 200, bado unabaki na pikseli milioni 8. Inatosha kuchapa ukubwa wa A4 bila aibu. Sikuwa na jibu la maana. Moyoni nilikuwa nakubali.

Bumu likatoka. Ukijumlisha na akiba yangu ya picha nilikuwa na laki tatu na nusu ya kugusa, iliyobaki ni ya kula na hiyo sigusi (niliigusa, tutafika huko). Nikapanda daladala mpaka Ubungo, nikachukua mwendokasi mpaka Gerezani, nikazama Kariakoo.

Duka la kwanza walikuwa na Canon 18-200, laki mbili na thelathini. Nikajua kuna jambo, maana kwingine niliambiwa laki nne na themanini. Nikawasha tochi ya simu, nikaipitisha nyuma ya lenzi, nikachungulia kutokea mbele. Jamani. Ndani kulikuwa na kitu kama utando wa buibui, nyuzi nyeupe zimetambaa kutoka ukingoni. Kuvu hilo. Dar hii yenye jasho, lenzi ikikaa kabatini miezi bila hewa, kuvu wanakula kioo taratibu. Nikamwonyesha. "Vumbi tu hilo, kaka, ukipuliza linatoka." Vumbi lenye matawi? Nikashukuru, nikatoka.

Duka la pili walikuwa na 18-135 STM. Safi kabisa. Nikaipenda palepale, nikapiga kibao cha duka la ng'ambo, nikakuza kwenye skrini, herufi zimenyooka mpaka kona. Laki nne na ishirini. Tukavutana mpaka laki tatu na themanini, akagoma. Nikasema nitakopa thelathini kwa Mpemba, nikatoka nje kumpigia.

Kabla sijapiga, simu ikaita. Mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Uko darasani?"

"Hapana mama, niko mjini mara moja."

"Eeh. Mdogo wako kapiga. Mchango wa mahafali elfu sitini, mwisho Ijumaa. Machungwa mwaka huu hayajanipa kitu, nikasema nikuulize, kama huna usijisumbue, mwanangu, nitaongea na shangazi yako."

Mnajua ile "kama huna usijisumbue" ya mama. Nimesimama kwenye kona ya Kariakoo, mkokoteni unanipigia kelele nipishe, na nimeshika hela mfukoni. Nikamwambia ninayo. Akauliza nafanya nini mjini, nikasema naangalia lenzi. "Lenzi ndiyo nini?" Nikasema ni jicho la kamera, la kumpigia mdogo wangu. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Haya. Mungu akubariki. Usikose kula."

Nikatuma sitini palepale. Imebaki laki mbili na tisini, na 18-135 ikawa imeondoka yenyewe. Sitawadanganya kwamba niliona raha. Nilikasirika, sijui hata nilimkasirikia nani.

Duka la tatu, ghorofani, mzee mmoja ana kabati la vioo lenye kila kitu. Alikuwa na Tamron VC, anataka laki tatu. Nikaikagua kama daktari. Tochi: vumbi chembe mbili, kuvu hakuna. Nikaitikisa sikioni, haigongi. Nikaifunga kwenye kamera, nikapiga picha kwenye f/8 kuona kama vibati vya tundu vinafunga. Nikavuta mpaka 200, nikapiga bango la mbali mara kumi nikiwa nimezima kidhibiti, halafu mara kumi nimekiwasha, kwa kasi ya 1/30. Kimezimwa zote zimetikisika. Kimewashwa, sita zilisomeka. Kona za picha laini, ni kweli. Fokasi inanguruma kidogo, na pete ya mbele inazunguka yenyewe wakati inatafuta, ukiweka kidole unaipinga. Nikazitaja kasoro zote kwa sauti, moja moja. Mzee akacheka, akasema, "Mwanangu, wewe unasomea lenzi au unasomea nini?" Tukamaliza kwa laki mbili na sitini. Thelathini iliyobaki ikawa nauli ya kwenda. Ya kurudi nikaikopa kwa Mpemba pamoja na ya kula njiani, jumla arobaini. Hakunisema kitu kuhusu 18-135. Alitikisa kichwa tu.

Nikapanda basi Mbezi stendi ya Magufuli alfajiri, nikalala Muheza, kesho yake Korogwe na mama. Ukumbi ule ni bwalo la chakula, madirisha madogo, turubai la bluu limetundikwa mbele linamfanya kila mtu aonekane mgonjwa. Kamba palepale. Nikakaa safu ya nne pembeni. Nikapandisha ISO mpaka 3200, kasi 1/200. Kidhibiti mtikisiko kinatuliza mkono wangu, mtu anayetembea hakimtulizi, kwa hiyo kasi sikutaka kuishusha. Tundu hilo 6.3, hamna namna.

Jina likaitwa. Nikavuta. Fokasi ikaenda mbele, ikarudi nyuma, nnng, nnng, moyo unanidunda, mdogo wangu keshafika katikati ya jukwaa na mimi naona ukungu. Nikamwacha uso, nikailenga ile kola nyeupe ya sare pale inapokutana na sweta, ikashika. Nikapiga kumi na moja mfululizo. Nane ni za kutupa. Mbili zinavumilika. Moja, milimita 163, anapokea cheti kwa mikono miwili, kapiga goti kidogo, na amegeuza macho upande wetu kwa sababu mama alipiga kigelegele kabla ya wakati.

Chenga zipo, ISO 3200 kwa kamera ya 2011 ni mchanga mtupu. Lakini kope zinahesabika.

Nilichapa Tanga mjini, inchi nane kwa kumi. Mama akaitundika juu ya ile ya zamani. Nikamwambia hiyo ya chini sasa tuishushe. Akasema iache, mbona ukutani nafasi ipo.

Lenzi naitunza kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mwenye navyo asitupe, aniletee Hall. Arobaini ya Mpemba bado sijalipa. Mahafali yetu ya Novemba yanakuja, picha ni elfu tatu, ukitaka za kukaa nyuma ya kamba pia napiga.